Tamko la Wapenzi wa Kandanda wa Shinyanga na Geita Kuhusu Mgawo wa Fedha za Matangazo ya Ligi

Sisi, wapenzi wa kandanda wa mikoa ya Shinyanga na Geita tulioungana katika chama kimoja, tumeitafakari hali ya timu zetu. Tunautamkia umma, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), Bodi ya Ligi na mamlaka zote zinazohusika kama ifuatavyo:

1. Ndani ya miaka michache mikoa hii miwili iliipatia Ligi Kuu timu tatu: Stand United na Mwadui za Shinyanga, na Geita Gold. Stand United ilishuka daraja mwaka 2019, Mwadui 2021 na Geita Gold 2024. Misimu ya 2024/25 na 2025/26 ilianza bila timu hata moja kutoka ukanda huu wa almasi na dhahabu.

2. Vipaji havikukosekana. Katika msimu wake wa kwanza, 2021/22, Geita Gold ilishika nafasi ya nne, mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na timu ikapata nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Miaka miwili baadaye ilikuwa imeshuka.

3. Ufadhili wa migodi ni msaada wa heshima, lakini klabu haiwezi kuujengea maisha yake yote. Kampuni ya Acacia ilianza kuidhamini Stand United mwaka 2015. Mwaka uliofuata, mgogoro wa uongozi ulipoigawa klabu, udhamini huo ukakoma. Mfadhili huja kwa hiari na huondoka kwa hiari. Fedha za matangazo ni jasho la uwanjani, na mwenye jasho ana haki nalo.

4. Mei 2021, TFF na Azam Media zilitia saini mkataba wa matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Tunautambua mkataba huo na manufaa yake kwa soka la nchi. Hata hivyo, bingwa alitengewa shilingi milioni 500, na fungu likapungua kadiri timu inavyoteremka katika msimamo. Timu inayoshuka daraja huliacha fungu la Ligi Kuu, ilhali mishahara iliyowaahidi wachezaji bado inaidai.

5. Mtazamaji wa Katoro, Kahama au Maganzo hulipia king'amuzi chake kwa bei ileile anayolipa mtazamaji wa Dar es Salaam. Vibanda umiza vya machimboni ni sehemu ya soko hili sawa na sebule za mjini. Eneo linalochangia soko halistahili kuhesabiwa kuwa soko tu.

6. Ipo hoja kwamba mwenye mashabiki wengi apate zaidi. Mwaka 2013 Yanga iliupinga mkataba wa Azam wa wakati huo kwa hoja hiyo, ikisema mgawo sawa hauitendei haki. Hatuidharau hoja hiyo. Tunasema tu kwamba hakuna mechi ya upande mmoja: anayelipia kuitazama Yanga au Simba analipia pia timu inayosimama mbele yake.

7. Waliotutangulia katika biashara hii wamekwisha kulitambua jambo hili. Ligi Kuu ya Uingereza hugawa sawa nusu ya fedha za matangazo ya ndani, na klabu inayoshuka huendelea kusaidiwa kwa hadi misimu mitatu. Katika besiboli ya Marekani, timu huweka asilimia 48 ya mapato yao ya ndani katika mfuko mmoja unaogawanywa sawa, ili timu za miji midogo zisimezwe na New York. Huko pia kuna onyo: mwaka 2023 kampuni ya matangazo ya Diamond Sports Group iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, na ligi ikalazimika kuyachukua yenyewe matangazo ya timu ya San Diego Padres. Klabu iliyotegemea mnunuzi mmoja hujua udhaifu wake siku mnunuzi anapoyumba.

8. Kwa hiyo, msimamo wetu ni huu:
(a) Sehemu kubwa ya fedha za matangazo igawanywe sawa kwa timu zote za Ligi Kuu, na ziada ifuate nafasi katika msimamo.
(b) Timu inayoshuka itengewe fungu la mpito kwa misimu isiyopungua miwili, kwa sharti la kuwasilisha hesabu zilizokaguliwa.
(c) Kanuni za mgawo zitangazwe kabla ya kila msimu, na taarifa ya malipo itolewe kwa umma msimu unapokwisha.

9. Tumeazimia kuyawasilisha mapendekezo haya kwa maandishi TFF na Bodi ya Ligi, na kuyarejesha mezani kila msimu hadi yatakapojibiwa kwa maandishi. Tumeazimia pia kuzitaka klabu za mikoa yetu zisome hesabu zao mbele ya wanachama kila mwaka. Hatuombi fadhila. Tunadai mgawo wenye kanuni inayojulikana, na sisi wenyewe tuko tayari kupimwa kwa kanuni hiyohiyo.

Limetolewa Shinyanga, kwa niaba ya wanachama wote.