Usiihukumu Lenzi Kabla ya Kuipima

Lenzi ya zumu ikitoa picha yenye ukungu, hukumu hutoka haraka: ni mbovu, iuzwe, inunuliwe nyingine. Wapiga picha wengi chipukizi wamepoteza fedha kwa hukumu hiyo, na baada ya wiki chache ukungu uleule ukawafuata kwenye lenzi mpya. Mara nyingi kosa liko kwenye mkono, kwenye hewa au kwenye mpangilio wa kamera. Haya ndiyo madai yanayorudiwa sana, na majibu yake.

Dai la kwanza: Zumu haiwezi kutoa picha kali kama lenzi isiyovuta.

Zamani dai hili lilikuwa na nguvu. Zoomar ya milimita 36 hadi 82, iliyotoka kwa jina la Voigtländer mwaka 1959, ndiyo iliyofungua njia ya zumu kwa kamera za picha mnato za filamu ya milimita 35, na zumu za miaka ile zilizidiwa makali na lenzi zisizovuta. Tangu hapo kompyuta zimeingia katika usanifu wa lenzi, na vioo vinachongwa na kupakwa dawa kwa ustadi mkubwa zaidi. Kweli iliyobaki ni ndogo: zumu nyingi za bei nafuu hupungukiwa makali zikivutwa hadi mwisho huku tundu likiwa wazi kabisa. Dawa yake haihitaji duka. Punguza tundu hadi f/8, au rudisha zumu kidogo kutoka milimita 300 hadi 250, kisha linganisha picha.

Dai la pili: Basi bana tundu hadi f/22, kila kitu kitakuwa kikali.

Hapana. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na ukali wa picha nzima hushuka. Ni kweli kwamba eneo lililo ndani ya fokasi huongezeka, lakini hata pale ulipolenga hapabaki na makali yake. Kwa kamera nyingi za kuanzia, f/8 hadi f/11 inatosha.

Dai la tatu: Lenzi ina kidhibiti mtikisiko, kwa hiyo kasi ya shata si neno.

Kidhibiti hutuliza mkono wako tu. Hakimtulizi bibi harusi anayecheza wala swala anayekimbia. Ukipiga mchezaji kwa 1/60 ya sekunde, kuta za ukumbi zitatoka safi na mikono yake itatoka kama moshi. Kwa mkono mtupu, kanuni ya zamani ingali inafaa: kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi. Kwa milimita 300 kwenye kamera yenye sensa ndogo, zidisha kwa 1.5, na utapata takriban 1/500. Mwanga ukikosekana, pandisha ISO bila woga. Chembechembe zinavumilika na husafishika kwa programu. Picha iliyotikisika hairudi.

Dai la nne: Kamera inajua yenyewe iweke fokasi wapi.

Ukiiachia kamera ichague, mara nyingi hushika kilicho karibu, nacho huwa ni jani lililo mbele ya simba. Kosa hili huumiza zaidi kwenye zumu ndefu. Kwa milimita 300, f/5.6 na kitu kilicho umbali wa mita 10, eneo lenye makali kwenye kamera yenye sensa ndogo ni kama sentimita 25 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho. Tena, zumu nyingi za picha mnato hupoteza fokasi zinapovutwa. Vuta kwanza, ndipo ulenge. Ukivuta tena, lenga upya.

Dai la tano: Picha za mbali mbugani hazina makali, kwa hiyo lenzi imeharibika.

Hili ndilo dai linalodhulumu lenzi nyingi kuliko yote. Jua la saa sita likiipiga ardhi ya Serengeti, Amboseli au Tsavo, hewa ya chini hupata joto na kupanda ikitetemeka. Ni hewa ileile inayoleta mazigazi barabarani. Mwanga unaotoka kwa tembo aliye mita 300 hupindwapindwa njiani kabla haujaifikia lenzi, na lenzi ndefu hukuza mtikisiko huo pamoja na tembo mwenyewe. Lenzi ya bei ya gari haikuponyi, wala stendi haikusaidii.

Kupima ni rahisi: geuka upige kitu kilicho mita 10 kutoka ulipo, kwa mpangilio uleule. Kikitoka kikali, lenzi yako ni nzima. Piga alfajiri na asubuhi kabla ardhi haijapata moto, sogea karibu kadiri sheria za hifadhi zinavyoruhusu, zima injini, na usipige juu ya boneti lenye joto.

Dai la sita: Fokasi ikikosea, lenzi ifunguliwe na fundi.

Pima kabla ya kumpa mtu bisibisi. Weka kamera kwenye stendi, zima kidhibiti mtikisiko, tumia saa ya sekunde 2, na ulenge mstari mmoja wa gazeti lililolazwa mshazari. Piga ukilenga kupitia kidirisha cha kuchungulia, kisha piga tena ukilenga kwa skrini ya nyuma. Kamera yenye kioo ndani hutumia sensa ya pembeni kwa fokasi ya kidirishani. Skrini hutumia sensa inayopiga picha. Ya skrini ikitoka kali na ya kidirisha ikose, shida ni ulinganifu kati ya kamera na lenzi, na kamera nyingi zina menyu ya kuurekebisha. Kamera zisizo na kioo karibu hazina tatizo hili.

Lenzi yenyewe ina hatia pale upande mmoja wa picha unapotoka na ukungu kila mara ukipiga ukuta ulionyooka, au ukimulika tochi ndani yake ukaona nyuzi za kuvu. Kuvu hupenda unyevu, na watu wa Mombasa, Tanga na Unguja wahifadhi lenzi mahali pakavu. Kabla ya hukumu hiyo, toa pia kichujio cha bei rahisi kilicho mbele ya lenzi na upige tena.

Ndugu mpiga picha, mchagua jembe si mkulima. Fanya vipimo hivi kwanza. Lenzi ikishindwa, mpelekee fundi ukiwa na picha za ushahidi mkononi. Ikishinda, usiiuze: fedha za lenzi mpya zitakufaa zaidi kama nauli ya kwenda kupiga picha.