Si kila uvimbe wa figo ni kansa

Mama mmoja ameniandikia akiwa na hofu kubwa. Alikwenda kupigwa picha ya tumbo kwa sababu ya vijiwe vya nyongo, akarudi na karatasi isemayo ana uvimbe kwenye figo ya kulia. Majirani wamekwisha kumzika akiwa hai. Anauliza: je, figo hiyo itolewe?

Mama, usikubali kisu kabla hujajua mambo mawili: uvimbe huo una nini ndani, na una sentimita ngapi.

Mara nyingi kinachoonekana namna hii ni kifuko cha maji tu. Watu wengi waliopita miaka 50 wanavyo vifuko hivyo wala hawana habari. Lakini kuna uvimbe mwingine uitwao anjiomaiolipoma (jina refu kama gari la moshi!), ambao ni mchanganyiko wa mishipa ya damu, misuli na mafuta. Huu si kansa. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume na kwa kawaida hauumi.

Mafuta ndiyo huutambulisha. Kwenye ultrasaundi huonekana kama doa jeupe, lakini kansa nyingine pia huonekana hivyo. Kwa hiyo daktari huagiza picha ya CT, ambayo hupambanua mafuta na nyama. Najua picha hii ni ghali, lakini usiiruke. Mafuta yakionekana wazi, kwa kawaida hakuna haja ya kuchukua kipande cha nyama kwa sindano.

Ukiwa mdogo, huachwa na kupimwa tena baada ya muda. Hatari yake ni kupasuka na kuvuja damu. Kwa miaka mingi madaktari walishika kipimo cha sentimita 4. Siku hizi hutazama pia kama unakua upesi, kama mishipa yake imetanuka, na kama mwanamke anataka kuzaa, kwa maana mimba huweza kuuchochea. Ukihitaji tiba, mpira mwembamba hupitishwa katika mshipa wa pajani hadi kwenye figo, na mshipa unaoulisha uvimbe huzibwa. Au hukatwa uvimbe peke yake. Kutoa figo nzima kuwe jambo la mwisho.

Onkositoma nayo si kansa, ila picha hushindwa kuitofautisha na kansa. Hapo kipande hupelekwa maabara, au uvimbe huondolewa kisha ukachunguzwa. Daktari akikuambia bado hajui, usimwone mjinga.

Ikiwa mwenye uvimbe ana kifafa na vipele usoni tangu utotoni, amweleze daktari. Huenda ni ugonjwa wa kurithi, nao una dawa ya kumeza inayopunguza uvimbe huo.

Na ubavu ukikuuma ghafla, ukaona kizunguzungu au mkojo mwekundu, usingoje kuche wala usikandwe. Nenda hospitali usiku huo huo, na uibebe ile karatasi ya picha.