Mtoto Aliyemwombea Mwizi

Kumpenda mtoto uliyemzaa ni jambo jema. Lakini je, huo ndio wema wote? Swali hili tunawekewa kwa namna ya kutisha katika riwaya iitwayo The Road, aliyoitoa Mmarekani Cormac McCarthy mwaka 2006. Mwaka uliofuata ilipewa Tuzo ya Pulitzer, na mwaka 2009 ikafanywa filamu. Mwandishi, aliyefariki mwaka 2023, alikitabaruku kitabu hicho kwa mwanawe John, aliyekuwa bado mdogo.

Dunia ya riwaya hiyo imeungua. Mimea imekufa, majivu yamefunika nchi, na baadhi ya watu waliosalia huwawinda wenzao ili wawale. Ni msiba gani ulioleta hayo, mwandishi hasemi, wala hatuoni hasara. Baba na mwanawe, wasiotajwa kwa majina, wanatembea kuelekea kusini wakisukuma kitoroli chenye mablanketi na chakula cha makopo. Mama alikwisha kujiua. Baba ni mgonjwa wa kifua, lakini kila apatacho humtanguliza mtoto.

Hapana awezaye kumlaumu baba huyo kwa upungufu wa upendo. Amemfundisha mwanawe kwamba wao ni watu wema, wasiokula watu. Taabu ni kwamba mtoto ameyasadiki maneno hayo kuliko baba mwenyewe. Wanapomkuta mzee njiani, mtoto ndiye asihiye apewe chakula. Anapomwona mtoto mwenziwe kwa mbali, analilia wamtafute, baba anakataa.

Kisha, huko pwani, mwizi anawaibia kila kitu. Wanamfuata, wanamkamata. Baba, bastola mkononi, anamlazimisha kuvua nguo zote na viatu, kisha anamwacha uchi katika baridi. Hoja yake yaeleweka kwa urahisi: mwizi ametendewa alivyotenda, kwani naye aliwaacha wafe. Ni wangapi miongoni mwetu wasingeiita hiyo haki? Mtoto haiiti hivyo. Analia na kumwombea mwizi yule, ambaye kwake ni mtu mwenye njaa tu. Hatimaye wanarudi, wanaita pasipo kujibiwa, wanaziacha nguo barabarani zimewekewa jiwe juu.

Wako wasemao kwamba mtoto huyo haujui ulimwengu, na kwamba pasipo ukali wa baba angalikwisha kuuawa. Kuna ukweli hapo: baba alimpiga risasi mtu aliyemkamata mwanawe na kumwekea kisu, nasi hatuthubutu kumhukumu kwa hilo.

Lakini tuutazame mwisho. Baba anakufa, mtoto anabaki peke yake na bastola. Anatokea mwanamume mgeni mwenye bunduki, ana mke na watoto wawili. Lau mgeni huyo angaliifuata kanuni ya baba, ya kutomwamini yeyote na kutoongeza kinywa kingine cha kulishwa, angalimpita. Badala yake anamwalika waende pamoja. Mtoto anamhoji kwanza kama alivyolelewa: je, ninyi ni watu wema? Mna watoto? Mnakula watu? Kisha anaomba jambo moja, kwamba baba yake asiachwe hivi hivi machoni pa wapitao njia. Mgeni anaahidi, naye anatimiza: maiti inafunikwa blanketi.