Mizani ya pili: Mkulima wa Kanda ya Ziwa ajifunze kunusa kama mnunuzi

KATIKA minada ya vijijini mkoani Mwanza, bado wapo wazee wanaonunua tumbaku ya kiko kwa namna ile ile waliyoikuta kwa baba zao. Mzee hatoi pesa kwanza. Huchukua kipande, hukisugua kiganjani, hukinusa, hukitazama kwenye mwanga, kisha hukijaza kwenye kiko na kuvuta mara mbili au tatu. Akikunja uso, muuzaji anajua bei imeshuka. Akinyamaza na kuendelea kuvuta, bei inabaki palepale.

Mzee huyo na muuzaji wake wana kitu ambacho mkulima wa tumbaku ya biashara wa Kahama, Bukombe au Serengeti mara nyingi hana. Wote wawili wanajua kinachopimwa. Wanaweza kubishana, na kila mmoja akaeleza sababu yake. Mkulima wa tumbaku ya biashara hupeleka mtumba wake sokoni, huambiwa daraja, huandikiwa bei na kurudi nyumbani. Akiulizwa kwa nini mtumba wa jirani umepata daraja la juu kuliko wake, hutaja bahati, au husema jirani anajuana na wakubwa.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na si la wakulima wa tumbaku peke yao. Linamhusu pia mkulima wa pamba na mfanyabiashara mdogo wa samaki wa kukausha.

Mizani ya kwanza

Wakulima wa Kanda ya Ziwa wana historia ya kutokubali kupunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walichoshwa na mizani za wanunuzi. Kilo zilipotea kati ya debe la mkulima na daftari la mnunuzi, na mkulima ambaye hakujua kusoma mizani hakuwa na la kusema. Kutokana na kilio hicho, watu kama Paul Bomani walihamasisha wakulima kuanzisha vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana na kuunda VFCU, muungano uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Ushindi ule ulikuwa wa mizani ya chuma. Lakini kila zao lina mizani ya pili, nayo ni jicho, mkono na pua ya anayepima ubora. Mkulima wa pamba anaijua kidogo, kwa sababu amezoea kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Kwenye tumbaku mizani hiyo ina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa madaraja ni mengi na bei ya kila daraja hutofautiana na la jirani yake. Daraja huandikwa kwa herufi na tarakimu zinazoeleza mambo matatu: jani lilitoka sehemu gani ya shina, lina ubora gani na lina rangi gani. Mkulima asiyejua kusoma alama hizo yuko pale pale alipokuwa babu yake mbele ya mizani ya pamba.

Tumbaku nyeusi inavyopimwa

Ili mizani hii ya pili ieleweke, ni vyema kuanza na bidhaa ambayo thamani yake karibu yote iko kwenye pua na ulimi. Bidhaa hiyo ni mchanganyiko mweusi wa tumbaku ya kiko wenye harufu ya moshi, unaopendwa na wavutaji wa Ulaya na Marekani.

Mchanganyiko huo hautokani na jani moja. Tumbaku ya mvuke ya aina ya Virginia huleta utamu, kwa sababu ina sukari nyingi. Majani madogo ya nchi za Mashariki ya Kati na ya Uturuki huleta manukato. Tumbaku ya moshi, kama ile ya Kentucky nchini Marekani, ya Malawi, au ya Songea na Namtumbo hapa nchini, huleta nguvu. Kisha kuna Latakia, iliyopewa jina la bandari ya Syria, ambayo kwa miaka mingi imetoka Syria na Cyprus. Jani hilo hufukizwa kwa moshi wa kuni na vichaka vyenye harufu hadi linakuwa jeusi kabisa.

Anayepima mchanganyiko wa namna hiyo huanza na macho. Anataka weusi au kahawia nzito iliyoenea sawasawa. Kijani kikionekana, maana yake jani lilikaushwa kwa haraka kabla halijaiva. Vumbi jeupe linalofanana na pamba huashiria ukungu, na hapo hakuna tena mjadala wa bei.

Baada ya macho ni mkono. Tumbaku nzuri ikibanwa kwenye ngumi hujikunjua taratibu ngumi inapofunguliwa. Ikivunjika na kuwa unga, imekauka kupita kiasi. Ikibaki bonge, ina maji mengi, na maji hayo yataleta ukungu ghalani.

Kisha hufuata pua, kabla ya kuwasha kiberiti. Mpimaji hutafuta moshi safi wa kuni, harufu ya ngozi iliyotengenezwa, gome la mti, pengine siki kidogo au matunda makavu. Akikutana na lami, mafuta ya taa, plastiki iliyoungua au uvundo wa ghala, ameshapata jibu.

Moto huja mwisho. Moshi wa kiko hukaa mdomoni na kwa kawaida haushushwi kifuani, kwa hiyo ulimi ndio hutoa hukumu. Je, unachoma? Ladha inabaki ile ile hadi mwisho au inageuka kuwa chungu? Nguvu yake ikoje? Hapa wengi hukosea, kwani hudhani kila tumbaku nyeusi ni kali. Latakia ni nyeusi kuliko zote lakini ni laini, ilhali tumbaku ya moshi ya Kentucky au ya Songea, hata isipokuwa nyeusi sana, inaweza kumpa kizunguzungu mvutaji mzoefu. Rangi peke yake haitoshi kupima.

Kila kosa linalogunduliwa na mpimaji huyo wa mbali lilitendeka shambani, kwenye bani au ghalani. Kijani kilitokana na moto uliowashwa kwa nguvu mapema. Uchungu unaweza kuwa umetokana na moto uliowaka kwa miali badala ya kufuka. Ukungu ulianza siku mtumba ulipofungwa ukiwa na unyevu. Kwa maneno mengine, mvutaji aliyeketi London anaonja kazi ya mikono ya mkulima, ingawa hawajawahi kuonana.

Moshi ule ule, bei mbili

Sasa turudi kwenye Kanda ya Ziwa. Tumbaku ya moshi haina mizizi huku. Kitovu chake ni Ruvuma, ambako ushirika wa Ngoni-Matengo ulianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya zao hilo. Wakulima wa Kahama, Bukombe na maeneo ya jirani hulima zaidi tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto linalopita ndani ya mabomba ya bani.

Kwenye tumbaku ya mvuke, moshi ni kasoro. Bomba likitoboka na moshi ukapenya hadi kwenye majani, mzigo hushuka daraja, hata kama rangi yake inavutia. Moshi ule ule unaomletea mkulima wa Namtumbo fedha unamnyang'anya mkulima wa Kahama. Tofauti iko kwa mnunuzi na matumizi aliyokusudia.

Wafanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba, wanalielewa jambo hili hata bila kusoma uchumi. Sangara anayekwenda kiwandani kukatwa minofu ya kuuzwa Ulaya hatakiwi kuwa na harufu yoyote zaidi ya ubichi wake. Sangara anayekwenda Kongo akiwa amekaushwa kwa moshi asiponukia moshi hana mteja. Mama anayenunua samaki wa moshi pale Mwaloni humgeuza samaki, humbonyeza karibu na mgongo kuona kama ndani pamekauka, na humnusa tumboni. Hana cheti cha maabara, lakini si rahisi kumuuzia samaki aliyekaushwa juu juu.

Wavuvi wa ziwa hili walijifunza uzito wa mizani ya pili kwa uchungu mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyodaiwa kutumika katika uvuvi. Mizani ya chuma haikuwa na kosa lolote. Kilo zilikuwepo, ila mnunuzi alikuwa amepoteza imani na kilichokuwa ndani ya kilo hizo.

Hesabu ya mkulima

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mkulima amevuna kilo 1,000. Kilo 400 kati ya hizo zimeshuka daraja kwa sababu alichanganya majani ya chini na ya katikati, na tofauti ya bei ni senti 50 za dola kwa kilo. Amepoteza dola 200. Mbolea aliyokopa ni ile ile, kuni alizochoma ni zile zile na vibarua aliowalipa ni wale wale. Hasara yote hiyo imetokea kwenye kazi ya siku chache za kuchambua na kufunga.

Ni vyema ikaeleweka kwamba dola hizo 200 hazitoki kwenye mauzo tu, bali zinatoka kwenye faida. Kwa mkulima ambaye mkopo wa pembejeo hukatwa kabla hajashika fedha, zinaweza kuwa ndizo ada ya shule ya mwaka mzima. Kuongeza ekari nyingine hakutibu ugonjwa huu. Kunaongeza tu kilo za daraja la chini na miti inayokatwa kwa ajili ya bani.

Nini kifanyike

Sheria inamweka mteuzi wa Bodi ya Tumbaku kati ya mkulima na kampuni, na hilo ni jambo jema. Lakini siku ya soko mteuzi hupita mtumba baada ya mtumba, na hana muda wa kumfundisha kila mmoja. Kazi ya kufundisha inapaswa kufanywa kabla ya siku hiyo, na wa kuibeba ni chama cha msingi.

Kwanza, kila chama kiwe na majani ya mfano ya madaraja makuu, yaliyothibitishwa na mteuzi na kuandikwa majina, yakitundikwa ofisini mahali ambapo kila mwanachama anaweza kuyashika na kuyanusa. Kamba na karatasi hazihitaji mfadhili.

Pili, wiki chache kabla ya soko, wanachama wapange siku ya kupima wenyewe. Kila mmoja alete majani yake, wenzake wayapangie daraja na waseme sababu. Atakayekosolewa na jirani yake kijijini atakuwa na muda wa kurekebisha. Akikosolewa sokoni, muda umekwisha.

Tatu, mkulima aandike daraja analotarajia kwa kila mtumba kabla ya kuupeleka. Akipewa la chini, aulize kosa liko wapi: rangi, unyevu, harufu au mchanganyiko? Swali la namna hiyo lina uzito kuliko malalamiko ya jumla, na mteuzi mwaminifu hataona tabu kulijibu.

Nne, mabani yakaguliwe kabla ya msimu na nyufa za mabomba zizibwe, na kila mkulima apande miti yake ya kuni.

Neno la tahadhari

Wapo watakaouliza kama ni busara kumfundisha mtu kupima kitu kinachodhuru afya. Swali hilo ni la haki. Tumbaku inaua, na moshi wa kiko, hata usiposhushwa kifuani, huleta saratani ya mdomo na koo. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003 na kuridhia mkataba wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2007. Mkulima mwenye busara hategemei zao hili peke yake.

Hata hivyo, maadamu zao hili ni halali na maelfu ya kaya bado zinalitegemea, hakuna sababu ya mkulima kulipwa pungufu kwa kutojua. Wala hahitaji kuvuta ili ajue. Mteuzi huamua kwa jicho, mkono na pua, na vyote hivyo mkulima anavyo. Tena, atakayejifunza kupima tumbaku leo atakuwa na ujuzi huo huo siku atakapohamia kwenye alizeti, mpunga au samaki. Atajua kumuuliza mnunuzi anataka nini kabla ya kuwasha moto.

Mababu wa Usukuma walijifunza kusoma mizani ya chuma, na wanunuzi wakashika adabu. Wajukuu wao wamebakiwa na mizani hii ya pili, na msimu wa soko ujao usiwakute bado wanasimuliwa na wengine kilichomo ndani ya mitumba yao wenyewe.