Barabara ni ya Bure, Chungu Kina Wenyewe

Kila Julai, pale kwa fundi wa baiskeli Gatina, huwa tunabishana. Simu imeegemezwa kwa kopo la grisi, bando tumechangishana, Tour de France inaendelea. Mwaka wa 2025 ubishi ulikuwa mmoja: Tadej Pogačar ameuharibu mchezo. Alishinda 2020, 2021, 2024, na sasa anashinda tena. "Hii si mbio, ni msafara wa rais," msee mmoja akasema. Tukacheka. Lakini nilirudi kejani na hasira, na si kwa Pogačar. Tulikuwa tunamlaumu mtu asiye na kosa.

Wanaosema ubabe wa mtu mmoja unaua biashara wamesahau historia. Eddy Merckx wa Ubelgiji alishinda Tour mara tano kati ya 1969 na 1974, na Tour haikufa. Mbabe huuza. Wengine huwasha TV kumshangilia, wengine kuombea aanguke. Kwa hivyo ukiniambia usawa unatakiwa ili mchezo usituboe, hiyo hainiingii akilini. Usawa unatakiwa kwa sababu ya swali la zamani zaidi: nani anakula?

Angalia chungu kilivyo. Barabara haina geti wala tiketi. Pesa nono ziko kwa matangazo ya runinga, na za Tour ni za kampuni inayoimiliki, ASO ya Ufaransa. Timu hupata zawadi na kitu kidogo cha kushiriki; mapato ya matangazo hawagawiwi. Sasa linganisha na soka tunayokesha nayo. Klabu inayoburuta mkia Ligi Kuu ya Uingereza hupokea zaidi ya pauni milioni 100 kwa msimu. Kwa baiskeli, mdhamini akiondoka, umekwisha. Ukipata mdhamini tajiri, unanunua washindi. Team Sky ilibeba Tour sita kati ya 2012 na 2018. Leo UAE Team Emirates ya Pogačar inapita njia ile ile. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakutuambia kisu kinauzwa pesa ngapi.

Ushahidi wangu ni Biniam Girmay. Mwaka wa 2024 kijana huyu wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata moja, akafika mwisho na jezi ya kijani. Timu yake, Intermarché-Wanty, ilikuwa ya bajeti ndogo. Unadhani ushindi huo uliiokoa? Kufikia msimu wa 2026 ilikuwa imeunganishwa na Lotto, na Girmay ameshahamia kwingine. Timu iliyoandika historia ya bara zima ilishindwa kujisimamia. Hapo ndipo pa kukasirika.

Mimi naijua hasira hiyo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nilipeleka chakula Lavington kwa baiskeli, kazi za programu fulani. Mlima wangu, mvua yangu, pancha yangu. Bei ya safari walipanga wao, na siku moja ikashuka bila hata meseji. Kwa maandishi waliniita mshirika. Mshirika gani haruhusiwi kufunua chungu?

Sasa panda Waiyaki Way hadi Kikuyu. Huko Mai-a-Ihii, David Kinjah amelea vijana kwa baiskeli miaka mingi, kikundi chake cha Safari Simbaz. Mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, bingwa wa Tour mara nne. Mwaka wa 2008 Froome alibadilisha leseni kutoka Kenya hadi Uingereza, na ushindi wote ukaandikwa kule. Simlaumu. Nauliza tu: Mai-a-Ihii ilipata nini kama haki, si kama msaada? FIFA ina kanuni kwamba mchezaji akiuzwa ng'ambo, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea. Baiskeli iige hapo. Igawe pesa za matangazo kwa timu zote, iweke kikomo cha bajeti, na sehemu irudi kwa vilabu vinavyolea.

Najua jibu lao: mbio ni zetu, hasara ikija ni yetu. Sawa. Lakini bila waendeshaji, hiyo ni barabara iliyofungwa bure, jam ya kujitakia. Na msituambie Afrika hakuna soko. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulikuja Kigali, mara ya kwanza katika bara hili, na watu walijaa milimani. Pogačar alishinda huko pia. Walimshangilia.

Hapa Gatina, kabla jua halijatoka, kuna wasee wanapanda mteremko na Black Mamba zilizobeba kreti za mkate. Miguu wanayo. Julai tukirudi kwa fundi, ukisema tena mchezo umeboa kwa sababu ya mtu mmoja, nitakuomba ugeuze shingo uwatazame hao kwanza. Halafu tuendelee kubishana.