Simu yako imejaa video, nyanya yumo?

Ukienda ushago Migori au Homa Bay Desemba, utarekodi nyama choma na jua likizama ziwani. Je, nyanya yako utamrekodi?

Profesa Bethwell Ogot, aliyeaga dunia Januari 2025, alianza kama mwalimu wa hisabati pale Alliance. Alipogeukia historia, wasomi wengi wa Ulaya walidharau masimulizi ya mdomo. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper wa Oxford alidai Afrika haina historia ila ya Wazungu huko. Ogot aliketi na wazee wa Nyanza, akawasikiliza, akalinganisha maneno yao. Kitabu chake kuhusu kuhama kwa Waluo kilitoka 1967. Wazee wale hawakuwa na digrii, lakini ndio waliomfundisha profesa.

Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe za Migori, ziliingia orodha ya UNESCO mwaka 2018. Mawe yatakuwepo mwakani. Nyanya hatuna hakika. Basi muulize: babu zake walitoka wapi? Kwa nini walihama? Usimkatize, na andika tarehe. Kurekodi hakuli bando.