Kisu cha kwanza si cha ferabeto

Katika mikutano ya shirika letu tunapenda kusema: "Ufundi wa chuma unakufa." Tunasema, tunatikisa kichwa, kisha tunarudi nyumbani kukata nyama na kisu kilichotoka China. Leo tunaomba ruhusa ya kusema wazi: sisi wenyewe tunauua ufundi huu, na tunaanza siku ile ya kwanza, pale tunapomupatia kijana chuma kibaya.

Tuungame kwanza kosa letu. Katika maonyesho fulani wanafunzi wetu walileta visu walivyofua wenyewe, mipini yake imechorwa vizuri. Mama mumoja alichukua kimoja, akajaribu kumenya muhogo. Kikapinda kama waya. Akakirudisha polepole, akasema: "Baba, hii njo kisu ao kijiko?" Watu walicheka. Mutoto aliyekifua hakurudi tena kwenye makala. Lakini mikono yake haikukosa kitu. Sisi ndio tuliomupatia ferabeto, juu iko bei rahisi, na juu tulijiambia: "Anaanza tu, ataharibu."

Wazo hilo ndilo tunalolipinga. Ferabeto ya kawaida ina kaboni kidogo, karibu 0,2 kwa mia. Uipashe moto, uizamishe, uipige usiku muzima: haitakomaa vya kutosha kushika makali. Kijana aliyefanya yote sawasawa na yule aliyekosea yote wanatoka na kisu kilekile. Sasa watajifunza nini? Mwalimu anayetoa pointi moja kwa kila mutu hafundishi, na chuma pia ni mwalimu.

Wengine wanakosea upande wa pili. Wanamupatia mwenye kuanza lime ya zamani, yenye kaboni 1 kwa mia ao zaidi: asipojua kuipooza na kuirudishia moto, inapasuka ao inavunjika mukononi. Wengine wanatamani inox juu inang'aa. Inox inaomba moto uliopimwa kabisa, ushikiliwe muda wa kutosha. Mivukuto yetu haiwezi kuahidi hivyo.

Sisi tunasema: resori ya motokari. Kwa kawaida ina kaboni ya 0,5 hadi 0,6 kwa mia, basi inakomaa, lakini inasamehe makosa. Tuchague ya gari ndogo, yenye unene wa milimita 6 ao 7. Ile ya kamio ni nene, itachosha mukono wa mutoto mbele ajifunze kitu. Tuache sehemu zenye matundu na zenye kutu nyingi, juu resori iliyochoka inaficha nyufa. Tena tusiamini kwa macho: tukate kipande kidogo, tukipashe moto, tukizamishe, kisha tukipige na nyundo. Kikivunjika kama kioo, chuma kinakomaa. Kikipinda tu, tukirudishe kwa muuzaji.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kisu kikisha kufuliwa, kipashwe hadi sumaku isikishike tena, kiongezewe moto kidogo, kisha kizamishwe katika mafuta ya vuguvugu, hata ya mawese. Si katika maji, juu yanaweza kukipasua. Lime ikiteleza juu yake, kimekomaa. Basi kisuguliwe king'ae na kirudishiwe moto mudogo hadi rangi ya majani makavu. Hapo kijana ataona matunda ya uangalifu wake, na akikosea ataona pia alipokosea.

Tunasikia wazee wetu wakisema: "Resori ya Wazungu si chuma cha mababu." Tunawaheshimu, lakini hatukubali. Katika mapokeo ya Waluba, kutawazwa kwa mulopwe kulikuwa na ibada ya kupiga fuawe, na makaburi ya kale ya Kamilamba, yaliyochimbwa miaka ya 1970, yalitoa fuawe lililozikwa pamoja na mutu wa cheo. Je, watu walioheshimu chuma namna hiyo walichukua chuma chochote? Bonge lililotoka katika tanuru zao halikuwa sawasawa mahali pote: huku laini, huku gumu. Mufundi alilipiga, akalisikiliza, akatenga la jembe na la kisu. Urithi wetu ndio huo, kuchagua. Anayeshika ferabeto bila kuijaribu ameacha desturi, hata kama anaimba nyimbo za mababu. Anayejaribu resori na nyundo yake yuko ndani ya desturi kabisa.

Neno moja pia juu ya vyuma vya reli vinavyouzwa kwa siri. Hapana. Misumari ya reli kwa kawaida ni laini, haifai, na anayeing'oa anahatarisha maisha ya wasafiri. Ufundi hauwezi kuanza na wizi.

Basi tunaomba shirika letu liamue: kisu kisiingie tena mezani petu bila kukata muhogo mukavu mbele ya watu, na kila mwenye kuanza apewe na shirika kipande cha resori kilichojaribiwa. Bei yake si kubwa kuliko soda tunazokunywa mukutanoni. Na yule kijana tuliyemuaibisha, sisi wenyewe tutamutafuta. Yeye hana deni kwetu, deni ni letu.